Maua ya kupanda kwenye udongo wenye tindikali: mwongozo kwa wenye bustani za milimani

Kila vuli inapokaribia, maswali kwenye kitalu changu hapa Lushoto huwa yale yale. "Hidrenjia nilinunua ya bluu, mbona imechanua pinki?" "Waridi langu limedumaa, huu mwaka wa pili, nimwagie majivu?" "Azalia imegeuka njano yote, nipulize dawa gani?" Nimeyajibu kwa mdomo, nimeyajibu kwa simu, na mara nyingine nimepanda bodaboda nikaenda kusimama kwenye kiwanja cha mtu nimwonyeshe kwa kidole. Safari hii nayaandika mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza leo asitupe fedha kama walivyotupa wengi kabla yake.

Karibu maswali yote hayo yana chanzo kimoja: mtu alipenda ua, akalinunua, hakujiuliza linataka udongo gani. Huku Lushoto, Bumbuli na Amani, vivyo hivyo Mufindi, Njombe na Tukuyu, na kwa majirani zetu Kericho na Limuru, yaani popote unapokutana na mashamba ya chai, udongo kwa kawaida una tindikali. Mvua za miaka na miaka zimesomba kalisi na magnesi zikaenda nazo, chuma na alumini vikabaki. Wekundu ule unaouona ni chuma. Mwenye mahindi na maharage hulazimika kuweka chokaa ili avune vizuri. Wewe unayepanda maua una nafuu kubwa, kwa sababu yapo maua mazuri kabisa yanayoutaka udongo huu huu jinsi ulivyo. Basi chagua ua linalokubaliana na udongo wako, usinunue ua kwanza halafu ukaanza kupigana na ardhi.

Nadharia unayohitaji ni fupi. Tindikali ya udongo hupimwa kwa namba ya pH, kuanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya 7 kuna tindikali, juu ya 7 kuna uchokaa au magadi. Kila namba moja ni mara kumi: udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi kuliko wa pH 6, ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi huwa kubwa kwa mmea. Maua ninayoyazungumzia hapa mengi yanapenda kati ya 4.5 na 6.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Jembe na koleo, na sururu kama ardhi yako imeshindiliwa wakati wa ujenzi.
- Ndoo mbili za plastiki. Ndoo ya bati usiitumie kuchukulia sampuli, inaweza kuharibu majibu.
- Karatasi za kupimia pH. Ukizikosa, kabichi ya zambarau moja, ambayo huku kwetu haikosekani sokoni.
- Siki nyeupe kidogo.
- Mboji iliyoiva, au samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita au zaidi mpaka haina harufu.
- Matandazo: majani makavu ya misonobari, maganda ya miti, majani yaliyooza.
- Pipa au ndoo kubwa ya kukingia maji ya mvua.
- Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kiasi kidogo tu. Mwombe mwenye duka la pembejeo akupimie kilo moja, mfuko mzima hutaumaliza.

Miche usinunue kwanza. Najua nauza miche na ningependa uje leo, lakini njoo ukishafika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Kitazame kiwanja chako

Tembea taratibu kwenye kiwanja chako na kwa jirani. Kuna chai karibu? Kuna kangaga zile ndefu za porini zinazojiotea zenyewe mlimani, ambazo ukizikata zinarudi? Hizo ni dalili za tindikali. Halafu tafuta hidrenjia ya zamani kwa majirani, iliyokaa miaka bila kutiwa chochote. Ikiwa ya bluu, umeshapata jibu bila kulipa senti. Ikiwa ya pinki, kuna chokaa au majivu mahali fulani. Nyeupe haikwambii kitu, maana nyeupe hubaki nyeupe.

Kisha angalia wapi palichanganywa saruji nyumba ilipojengwa, wapi mafundi walimwaga zege lililobaki, wapi hutupwa majivu ya jikoni. Sehemu hizo ni kama kiwanja kingine ndani ya kiwanja chako. Nimewahi kuona mstari mmoja wa hidrenjia, zote vipandikizi vya mama mmoja, zilizo karibu na ukuta zikichanua pinki na zilizo mbali zikichanua bluu. Mwenye nyumba alidhani nimemuuzia aina mbili. Ni chokaa ya saruji iliyokuwa ikichuja kutoka kwenye msingi na kuingia kwenye udongo. Kwa hiyo maua ya tindikali yapande mita moja au zaidi kutoka ukutani.

Hatua ya 2: Pima

Chukua udongo kutoka sehemu tano hadi kumi za eneo unalotaka kupanda, kila mahali ukichimba kina cha sentimita 15 hadi 20. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa mizizi na mawe, anika kivulini. Palipo na saruji au majivu pachukulie sampuli yake peke yake, usichanganye.

Kwanza siki. Weka udongo mkavu kijiko kimoja kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa humo, na hapo maua ya tindikali hayafai kabisa. Usipotoa povu, endelea.

Kabichi ya zambarau: katakata robo ya kabichi, chemsha kwa dakika kumi kwenye maji ya mvua, chuja. Utapata maji ya zambarau. Mimina kwenye kikombe cheupe, tia vijiko viwili vya udongo, koroga, acha nusu saa utope utulie. Maji yakielekea wekundu au pinki, kuna tindikali. Yakibaki zambarau au bluu, uko karibu na katikati. Yakigeuka kijani, ni udongo wa chokaa au magadi. Kipimo hiki hakikupi namba, kinakuonyesha upande tu, na kwa bustani ya nyumbani mara nyingi upande unatosha. Kwa karatasi za pH tumia maji ya mvua pia. Maji ya bomba au kisima yana pH yake na yatakuchanganya.

Kama bustani ni kubwa, au ni ya hoteli, au unataka kutia fedha nyingi, peleka nusu kilo hadi kilo moja maabara. Kwa sisi wa Tanga kituo cha utafiti wa udongo kiko TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano, Muheza. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nacho hupima udongo, na kwa wa Kenya wapo KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo na mifugo. Piga simu kwanza uulize gharama na namna wanavyotaka sampuli ifungwe.

Hatua ya 3: Jua, kivuli na maji

Hapa nitapita haraka. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakilala humo mpaka kesho yake, mizizi ya azalia na kamelia itaoza. Inua tuta la sentimita 20 au 30, au chagua sehemu nyingine. Kisha angalia jua: linapiga wapi asubuhi, wapi mchana? Maua mengi ya kundi hili yanataka jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana, kama kile cha chini ya mgrevilea.

Hatua ya 4: Chagua maua

Hapa tuketi kidogo, ndipo penye utamu.

*Hidrenjia.* Kwa anayeanza, anzia hapa. Inavumilia makosa, inachanua vichwa vikubwa, na kipandikizi chake hushika mizizi kwa urahisi: kata tawi changa lenye jozi mbili au tatu za majani, toa majani ya chini, yakate nusu yaliyobaki, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo, ikikataa kung'oka ina mizizi. Inapenda maji kuliko maua yote ninayoyajua. Panda kwa nafasi ya mita moja hadi moja na robo.

*Azalia.* pH 4.5 hadi 6. Ikikubali mahali, huchanua mpaka huoni jani. Mizizi yake iko juujuu, haiendi chini, kwa hiyo usiilimie kwa jembe kamwe. Magugu yang'oe kwa mkono. Na tafadhali, wenye mbuzi nisikilizeni: azalia ina sumu. Mabaki ya kupogoa usiwatupie mbuzi hata siku moja. Hidrenjia nayo si chakula cha mifugo.

*Kamelia.* Huyu ni ndugu wa damu wa chai, jenasi moja kabisa. Palipo na chai nzuri, kamelia inakaa. Hukua polepole sana, na wateja wengine hukata tamaa mwaka wa pili. Mwenye subira hupata mti mdogo wa majani yanayong'aa mwaka mzima, wenye maua mazito mekundu, meupe au ya pinki. Inataka ubaridi. Chini kwetu Mombo usihangaike nayo.

*Gadenia.* pH 5 hadi 6. Harufu yake ikiingia ndani jioni unajua mwenyewe. Inastahimili joto kuliko kamelia, kwa hiyo hata wa Muheza na Korogwe wanaweza. Ndiyo ya kwanza kugeuka njano ukiikosea udongo.

*Iksora.* Ya joto. Vishada vyekundu, vya rangi ya chungwa au vya njano, hufanya uzio mzuri. Nawaambia zaidi wa pwani: Zanzibar, Mombasa, na popote penye udongo wa mawe ya matumbawe, iksora ikipandwa ardhini mara nyingi hupauka, kwa kuwa matumbawe ni chokaa tupu. Ipande kwenye chungu kikubwa chenye sehemu mbili za udongo mwekundu wa bara, moja ya mboji na moja ya pumba za mpunga au nyuzi za nazi, na uinyweshe maji ya mvua kila unapoyapata.

*Tibuchina.* Kichaka cha asili ya Brazili chenye maua ya zambarau iliyokolea. Hupenda tindikali na jua. Huku kwetu hukua kwa kasi, kiachie mita mbili.

*Impatiensi.* Vile vimaua vya kivulini ambavyo kidonge chake cha mbegu ukikigusa kinapasuka na kurusha mbegu. Dunia nzima wanavinunua, lakini asili yao ni huku Afrika Mashariki, na iko aina moja inayobeba jina la Usambara. pH 5.5 hadi 6.5, kivuli na unyevu. Ukichomeka tawi tu, imetosha.

*Begonia, fuksia na kala.* Zote tatu zinaridhika na tindikali ya wastani. Kala, lile ua jeupe la umbo la tarumbeta, lipeleke kwenye kona yenye majimaji ambako vingine vimeoza. Utomvu wake huwasha, watoto wasiuguse.

*Vayoleti ya Usambara.* Siwezi kuandika kutoka milima hii nikaiacha. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliipeleka Ulaya, na leo inakaa kwenye madirisha ya nyumba ambazo wenyewe hawajui Usambara iko upande gani wa dunia. Hili si ua la tutani. Ni la chungu, kwenye mwanga usio na jua kali, udongo mwepesi wenye tindikali kidogo, na maji yatiwe kwenye kisahani chini ya chungu, maana majani yakilowa maji baridi hupata madoa. Nakuomba jambo moja: usiing'oe msituni. Aina nyingi za porini zimebaki chache mno na ziko hatarini kutoweka. Nunua iliyooteshwa kwenye kitalu, au omba jani moja kwa rafiki, lichomeke, litatoa mche.

Sasa upande wa pili. Waridi linataka pH 6 hadi 6.5, kwa hiyo penye 4.8 litadumaa. Ukilipenda lazima, litengee tuta lake mbali na azalia, changanya chokaa ya dolomiti (chokaa yenye magnesi) kama gramu 200 kwa mita moja ya mraba mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, kisha upime tena. Lavenda na jipsofila zinapenda chokaa. Kwenye udongo wetu ni za chungu tu, la sivyo ziache kwa wenye ardhi yao. Na lantana usipande popote, hata kama udongo wako inaupenda, kwa sababu hutoroka bustanini ikameza malisho na kingo za misitu.

Hatua ya 5: Andaa shimo

Panda mvua zinapoanza, vuli au masika. Usipande kipupwe kimekaza, mche utakaa bila kusogea.

Chimba shimo pana kuliko refu: upana mara mbili ya chungu cha mche, kina sawa na chungu. Udongo uliotoka, changanya sehemu mbili kwa moja ya mboji. Basi. Usitie majivu, usitie chokaa, usitie samadi ya kuku. Samadi ya kuku wa mayai ina kalisi nyingi kutokana na chakula chao, nayo hupandisha pH, mbali na kuunguza mizizi ikiwa mbichi.

Kuhusu majivu niseme kwa sauti kubwa kidogo. Bibi zetu walitia majivu kwenye mboga na walikuwa sahihi, kwa sababu majivu hupunguza tindikali na kabichi inafurahi. Azalia haifurahi. Kwenye bustani zinazoniita, majivu yameua maua haya mengi kuliko wadudu.

Kama kipimo chako kilionyesha uko juu kidogo, tuseme 6.5, na unataka kushuka, tumia salfa ya unga, ile wanayopuliza wenye mikorosho. Udongo wa kichanga gramu 40 hadi 50 kwa mita moja ya mraba, wa mfinyanzi 100 hivi. Ichanganye na udongo miezi mitatu kabla ya kupanda, kwa kuwa kazi ya kuigeuza kuwa tindikali hufanywa na vijidudu vya ardhini, nao hawana haraka. Jifunike pua na macho unapoimwaga. Mwenye pH 8 ya matumbawe au saruji asijaribu, chokaa iliyo humo itaimeza salfa yote. Yeye atumie vyungu.

Hatua ya 6: Panda

Nywesha mche kwenye chungu chake saa moja kabla. Utoe taratibu, na ukiona mizizi imejizungusha kama kamba, ifumue kwa vidole. Uweke shimoni shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikiwa sawa na uso wa ardhi au juu yake sentimita mbili. Azalia na kamelia zipande juu zaidi kuliko unavyodhani. Zikizikwa shingo huoza, na utaanza kuliona hilo baada ya miezi mitano, ukitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Rudishia udongo, bana kwa mikono (si kwa miguu), mwagia maji ndoo nzima.

Hatua ya 7: Tandaza na umwagilie

Weka matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Sindano za misonobari ni nzuri kwa sababu hazishikani na maji yanapita. Watu husema zenyewe hugeuza udongo kuwa tindikali. Kwa kweli zinasogeza kidogo sana. Faida yake kubwa ni unyevu na ubaridi wa mizizi.

Majani ya chai yaliyotumika na masalia ya kahawa yamwage kwenye mboji. Si mabaya, lakini ukiyatia mbichi chungu nzima juu ya mizizi yanatengeneza ukoko usiopitisha maji. Siki usimwagie mmea. Huunguza mizizi, na kesho yake udongo uko vile vile.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kisima chenye maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hupandisha pH polepole mwaka hadi mwaka. Kiangazi, hidrenjia iliyokomaa inywe lita kumi hivi mara mbili au tatu kwa wiki. Ni afadhali kuliko kuinyunyizia kidogo kidogo kila siku.

Hatua ya 8: Mbolea

Miezi mitatu ya kwanza usitie. Baadaye, wakati wa mvua, SA kijiko kimoja cha chakula kwa kichaka kilichokomaa, nusu kijiko kwa mdogo, imwage kwa duara chini ya ncha za matawi, juu ya udongo wenye unyevu, kila baada ya miezi miwili. SA inatoa nitrojeni na yenyewe inaongeza tindikali, kwa hiyo inafaa mara mbili. CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, usitumie kwa maua haya, ina chokaa ndani. Minjingu, ile mbolea ya fosfati, ni nzuri kwa mazao kwenye udongo wetu, ila kwa azalia na hidrenjia ya bluu iache.

Kama unataka hidrenjia ya bluu

Swali hili peke yake lingetosha kuandikiwa. Bluu haitokani na tindikali moja kwa moja, inatokana na alumini. Udongo ukiwa na pH 5.5 kushuka chini, alumini huyeyuka na mizizi huinyonya, ua likawa bluu. pH ikipanda kufikia 6.5 alumini hujifunga, ua likawa pinki. Katikati hapo utapata zambarau, au kichaka kimoja chenye rangi mbili, na binafsi naona hicho ndicho kizuri kuliko vyote. Fosforasi nyingi nayo huishika alumini ardhini, ndiyo maana mtu anatia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa nia njema na bluu inapotea.

Unayetaka bluu, nunua shabu, ile ile ya kusafishia maji, maana ina alumini. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula kwenye lita nne za maji, mwagia kwenye udongo wenye unyevu kuzunguka kichaka, mara moja kila wiki mbili hadi tatu kuanzia wakati vitumba havijaonekana. Usizidishe dozi na usitie kwa mche ulio chini ya mwaka mmoja. Ua lililokwisha kufunguka halibadiliki, ngoja msimu unaofuata. Unayetaka pinki, chokaa ya dolomiti konzi moja kwa kichaka, mara mbili kwa mwaka, mbali na azalia.

Mambo yakienda kombo

*Majani machanga njano, mishipa kijani.* Mmea umekosa chuma. Chuma kipo ardhini, ila pH iko juu mmea haukifikii. Usikimbilie dawa ya wadudu. Tafuta majivu, saruji au maji ya kisima, ondoa chanzo, tia SA kidogo, na wakati wa kusubiri pulizia chuma cha majani kutoka duka la pembejeo.

*Majani ya zamani, ya chini, njano katikati ya mishipa.* Hapa ni magnesi, upungufu wa kawaida kwenye udongo uliosombwa na mvua. Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne za maji, mara moja kwa mwezi, hadi mara tatu. Njano ikiwa sawa jani zima, bila mishipa kubaki, ni njaa ya nitrojeni.

*Kingo za majani zimeungua kahawia.* Jua la mchana, samadi mbichi, au mbolea iliyozidi. Nywesha maji mengi siku mbili mfululizo ili yaoshe chumvi, kisha acha mbolea miezi miwili.

*Mmea unanyauka na udongo umelowa.* Mizizi imeoza. Chimbua, kata iliyokuwa laini na nyeusi, upande upya juu ya tuta. Nusu hupona.

*Vitumba vya kamelia vinadondoka kabla ya kufunguka.* Maji yalikatika wakati vinajijenga, hata kwa wiki moja. Ongeza matandazo.

*Hidrenjia ina majani mazuri, maua hakuna.* Karibu kila mara umepogoa wakati mbaya. Hidrenjia nyingi tulizonazo huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukikata yote Agosti ili "ichipue vizuri", umekata maua. Pogoa mara tu maua yanapozeeka: shusha hadi jozi ya kwanza ya vitumba vinene, na toa matawi mawili au matatu ya zamani kabisa kutoka chini. Kama hukupogoa, angalia kivuli kizito au nitrojeni iliyozidi.

*Waridi, kaneshoni au ua jingine lisilo la kundi hili limedumaa, na ukichimba unakuta mizizi mifupi, minene, isiyo na nywele.* Alumini inaiumiza. Tia dolomiti kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 4, au ling'oe lihamie kwenye chungu, na shimo lile lile, bila kulitia chochote, lipokee hidrenjia.